Faiba, kebo na mnara: nani hasa anashindana na nani Mtwara na Lindi

Tangu matangazo ya intaneti ya nyumbani ya faiba, yaani ya waya wa kioo, yaanze kuzagaa mijini huku Kusini, maswali yamekuwa mengi kuliko majibu. Mwenye duka la vipuri Mtwara mjini anataka kujua kama akifungiwa faiba itabidi aachane na laini yake ya simu. Mwenye nyumba za kupangisha Lindi anauliza kama ule waya wa kebo ya televisheni uliokwisha kufika sebuleni kwa wapangaji utatumika huohuo, ili ukuta usitobolewe mara ya pili. Kijana wa stesheneri anasema faiba anayo siku nyingi, na anaonyesha kisanduku cha waifai kinachotumia laini ya simu. Juu ya hayo kuna habari za Marekani zinazosomwa kwenye simu, kwamba kampuni za simu zinatandaza faiba kwa kasi na kuwanyang'anya wateja watu wa kebo. Wengi wanazisoma na kudhani mashindano hayohayo yamefika Mtwara.

Hayajafika, na sidhani kama yatafika kwa sura ile. Kule yalizaliwa na kitu ambacho sisi hatukuwahi kuwa nacho: waya mbili tofauti, za kampuni mbili tofauti, zikiwa tayari zimeingia ndani ya nyumba moja. Ukilishika hilo, mengine yote yananyooka, ikiwemo kwa nini wingi wa majina ya kampuni mtaani hautoshi kushusha bei.

Tuanze na kinachoingia ndani

Intaneti ni safari. Ukifungua picha kwenye simu, kuna kompyuta mahali fulani, pengine Dar es Salaam, pengine Ulaya, inayotuma picha hiyo hadi kwako. Faiba, kebo, mnara na waifai ni majina ya vipande mbalimbali vya safari hiyo, na mkanganyiko mwingi unatokana na kuvichanganya.

Waifai ni kipande cha mwisho kabisa: mita chache za hewani kati ya kisanduku kilichopo ukutani na simu iliyo mkononi. Waifai haisemi lolote kuhusu kilichokifikia kisanduku. Kinaweza kuwa kinalishwa na laini ya simu kupitia mnara, au na waya wa kioo kutoka mtaani. Kwa hiyo waifai kushika "fulu" hakuthibitishi kwamba intaneti ni nzuri. Kunathibitisha tu kwamba uko karibu na kisanduku. Yule kijana wa stesheneri ana waifai. Faiba hana.

Waya unaoweza kukifikia kisanduku ni wa aina tatu.

Wa kwanza ni ule wa simu ya mezani, nyuzi mbili nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja. Ulitengenezwa ubebe sauti ya mtu, na sauti ya mtu haihitaji nafasi kubwa. Baadaye mafundi waligundua namna ya kupitisha intaneti kwenye shaba hiyohiyo bila kuharibu mazungumzo ya simu, ila ina kasoro isiyotibika: kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu ndivyo kasi inavyopungua, na ukishapita kilomita tano hivi unabaki na kitu kidogo sana.

Wa pili unaujua kwa macho hata kama hujui jina lake. Ni ule waya mnene wa mviringo unaotoka kwenye dishi au antena kuingia nyuma ya king'amuzi, wenye msumari mmoja wa shaba katikati na wavu wa chuma kuuzunguka. Watu wa kebo duniani kote walijenga mitandao yao kwa waya wa aina hii. Kwa kuwa ulikusudiwa kubeba chaneli nyingi za televisheni kwa pamoja, una nafasi kubwa kuliko ule wa simu. Udhaifu wake ni kwamba ulijengwa kwa ajili ya kuleta tu. Televisheni inakuja kwako, wewe huirudishii chochote. Ndiyo maana intaneti ya kebo, hata pale ilipostawi, kwa kawaida imekuwa na kasi kubwa ya kupakua na kasi ndogo ya kupakia.

Wa tatu ndio faiba. Ndani ya ganda la plastiki kuna uzi wa kioo wenye unene wa mikromita 125, yaani sehemu moja ya nane ya milimita, na mwanga unapita katika kiini chake cha kama mikromita 9 tu. Mwanga huo hauonekani kwa jicho. Unawashwa na kuzimwa mabilioni ya mara kwa sekunde, na huko kuwaka na kuzima ndiko kunakobeba picha, sauti na maandishi yako. Wazo la kutumia kioo kwa kazi hii lilipewa msingi na Charles Kao na mwenzake George Hockham walipokuwa wakifanya kazi Uingereza mwaka 1966. Walionyesha kwamba tatizo halikuwa kioo chenyewe, tatizo lilikuwa uchafu uliomo ndani yake. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ikatoa uzi wa kwanza uliofaa, na mwaka 2009 Kao akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kioo cha leo ni safi kiasi kwamba mwanga husafiri kama kilomita 15 ndipo upungue nusu. Maana yake kwa mtu wa huku ni hii: kituo kikiwa Mtwara mjini, nyumba iliyopo Mikindani inaweza kulishwa moja kwa moja bila mtambo wowote wa umeme njiani, na ipate kasi ileile ya jirani wa kituo. Shaba haiwezi hilo.

Wamarekani walikuwa na waya mbili

Sasa hizo habari za Marekani. Katika karne iliyopita nyumba nyingi za mijini kule ziliingiziwa waya wa simu, kisha kwa miaka ya baadaye zikaingiziwa na waya wa kebo kwa ajili ya televisheni. Kampuni ya simu ilikuwa moja kwa eneo, kampuni ya kebo mara nyingi moja pia, na hazikuwa zikigombana kwa sababu kila moja iliuza kitu chake.

Intaneti ilipokuja, zote mbili zikajikuta zinauza bidhaa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa kebo walianza kupitisha intaneti kwenye waya wao, na kwa kuwa waya ule ulikuwa na nafasi zaidi, wakawapita watu wa simu kwa kasi. Shaba ilijitahidi, lakini umbali uliishinda. Kampuni za simu zikawa na njia mbili: kuendelea kupoteza wateja, au kung'oa urithi wao wote wa shaba na kuvuta kioo hadi mlangoni. Mwaka 2005 Verizon, mojawapo ya kampuni hizo za simu, ilianza kuuza televisheni juu ya faiba yake katika mji wa Keller, Texas, yaani iliwafuata watu wa kebo ndani ya biashara yao wenyewe.

Si zote zilizochangamka. Frontier, kampuni ya simu iliyokuwa imelemewa na madeni na shaba ya zamani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Aprili 2020. Ilipotoka huko ikaweka nguvu zake kwenye faiba, na Septemba 2024 Verizon ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 20. Kilichokuwa kinanunuliwa ni kioo kilicho ardhini na milangoni mwa watu.

Watu wa kebo nao hawakukaa. Walipeleka faiba hadi kwenye kona za mitaa, wakabakiza waya wao wa zamani kwa zile mita mia chache za mwisho, na wakabadilisha mitambo ili kasi ipande. Kwa hiyo ukisikia "faiba dhidi ya kebo" kule, jua kwamba pande zote mbili zina kioo, kinachobishaniwa ni kioo kinaishia wapi. Na mteja ananufaika kwa sababu moja: akimchoka mmoja, waya wa mwingine tayari upo ukutani. Anapiga simu, anahama.

Sisi tulikuwa na mnara

Huku hapakuwa na waya mbili. Kwa nyumba nyingi hapakuwa hata na mmoja. Enzi za Shirika la Posta na Simu laini ya mezani ilikuwa kitu cha ofisi, misheni, hospitali na nyumba za wakubwa. Shirika hilo lilipogawanywa, na kampuni ya simu ya TTCL ikaanza kazi mwaka 1994, simu za mkononi zilikuwa zimekaribia, na zilipofika watu waliruka hatua nzima ya waya. Mtu wa Tandahimba au Liwale alipata simu bila nguzo hata moja kusimamishwa mbele ya nyumba yake. Hilo lilikuwa jambo jema na sioni sababu ya kulilalamikia. Limetuachia tu ramani tofauti na ya Wamarekani.

Faiba yenyewe si ngeni Kusini. Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009, chini ya uendeshaji wa TTCL, na mkongo huo ni faiba tupu. Halotel ilipoanza huduma Oktoba 2015 ilikuja ikiwa imevuta faiba yake hadi wilayani. Kilichokuwa hakionekani ni kwamba faiba hizo ziliishia kwenye minara. Ukipiga simu ukiwa Masasi, sauti yako inakwenda hewani hadi mnarani, na kuanzia hapo mara nyingi inasafiri ndani ya kioo. Utazame mnara: yale madishi meupe ya mviringo yaliyobandikwa juu hurusha mawimbi kutoka mnara hadi mnara. Mnara usio nayo, kwa kawaida, unalishwa na faiba kutoka chini.

Kinachotokea sasa ni kwamba kioo kinaendelezwa kutoka mnarani na kituoni hadi nyumbani. TTCL huduma yake inaiita Faiba Mlangoni Kwako, na jina hilo limesema ukweli wote: kipya ni mlango. Mshindani wa faiba hii huku ni bando. Ni ule mnara uliokwishapo, pamoja na vile visanduku vya 4G na 5G ambavyo kampuni za simu zinauza kwa ajili ya nyumbani. Kampuni ya simu ikikuuzia faiba, kwa sehemu kubwa inashindana na mnara wa kampuni nyingine, na wakati mwingine na mnara wake yenyewe.

Na hapo mwenye duka la vipuri anapata jibu lake. Laini yake haiguswi. Faiba inafika dukani kwa waya, laini inabaki mfukoni, na namba yake ya biashara, pamoja na huduma za pesa, zinaendelea kama kawaida.

Na kebo yetu?

Kebo ya miji yetu midogo ni biashara ya aina yake, na anayeilinganisha na kebo ya Marekani anaionea. Kwa kawaida ni mfanyabiashara wa hapohapo mjini mwenye leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), anayepokea chaneli kwa madishi yake, anazipanga kwenye chumba kimoja chenye mitambo, kisha anazisambaza kwa waya kwenye mitaa kwa ada ya mwezi. Anashindana na ving'amuzi. Kazi yake ni televisheni.

Je, waya wake unaweza kuleta intaneti? Waya wenyewe ndiyo, unaweza. Lakini vikuza-mawimbi alivyoweka kwenye nguzo vingi ni vya kupeleka upande mmoja tu, na intaneti inataka kwenda na kurudi. Angelazimika kuvibadilisha vyote, kununua mitambo mipya ya chumbani, na juu ya hapo kununua intaneti ya jumla kutoka kwa mwenye faiba, ambaye huenda ndiye anayetaka kuwauzia wateja walewale. Kwa gharama hiyo inakuwa nafuu kuvuta kioo kipya. Kwa hiyo mama wa Lindi mwenye wapangaji: hapana, waya wa kebo hautatumika. Ukuta utatobolewa tena, tundu dogo. Kama unajenga sasa hivi, mwambie fundi umeme akuachie bomba tupu la plastiki kutoka nje hadi sebuleni kwa kila chumba cha kupanga. Utaokoa usumbufu mwingi.

Jambo ninalolitamani, na sijaona likizungumzwa vya kutosha, ni watu hawa wa kebo kupewa nafasi. Wanajua mitaa, wana mafundi wa kupanda nguzo, wanajua nani analipa na nani halipi. Wakiweza kukodi faiba ya jumla kwa bei isiyowaumiza, wao ndio wangeweza kuwa ule waya wa pili ambao hatuna.

Kwa nini jioni bando linakwama

Hapa ndipo tofauti ya mnara na faiba inapoonekana kwa mtu wa kawaida, na inastahili kuelezwa polepole.

Mnara ni kama daladala ya Mikindani saa ya watu kutoka kazini. Ukubwa wa gari haubadiliki, lakini abiria wanaendelea kupanda, na anayepanda Magomeni anampunguzia nafasi aliyepanda stendi. Upande mmoja wa mnara wa 4G wenye vifaa vya kawaida na upana wa masafa wa MHz 20 una uwezo wa juu wa Mbps 150 hivi (megabiti 150 kwa sekunde), kwa watu wote walio upande huo, wawe 10 au 300. Saa mbili usiku mtaa mzima uko nyumbani, mpira unaonyeshwa, kila mtu yuko ndani ya gari moja. Hakuna aliyekuibia bando, mmebanana tu.

Faiba nayo inashirikiwa, ingawa wauzaji hawapendi kulisema. Uzi mmoja unatoka kituoni, unafika kwenye kiboksi cha nguzoni, na ndani yake unagawanywa kwa nyumba 32 au 64 kwa kipande kidogo cha kioo kisichohitaji umeme. Aina inayotumika zaidi duniani hubeba Gbps 2.5 hivi, yaani Mbps 2,500, kwa kupakua. Igawe kwa 32: hata nyumba zote zikipakua kwa sekunde ileile, kila moja inabaki na karibu Mbps 78. Zikiwa 64, ni kama Mbps 39. Idadi ya abiria inajulikana kabla gari halijaondoka, na haongezwi mwingine njiani. Hiyo ndiyo faida kubwa ya faiba, kuliko hata kasi ya kwenye bango.

Tukiwa hapohapo kwenye bango: Mbps 20 si MB 20 kwa sekunde. Herufi b ndogo ni biti, na biti nane ndizo zinafanya baiti moja. Mbps 20 inakupa MB 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya GB 1 inachukua kama dakika saba. Anayekuambia "itashuka kwa kufumba na kufumbua" hajapiga hesabu.

Yanayosemwa ambayo si kweli

Linalorudiwa sana huku ni kwamba sisi tuko baharini, kwa hiyo intaneti inaanzia kwetu. Bahari tunayo, na bandari yenye kina tunayo. Lakini nyaya za chini ya bahari hazitui Mtwara wala Lindi, zinapita mbele yetu mbali huko na kutua Dar es Salaam: SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010, na 2Africa iliyofikishwa huko na Airtel mwaka 2023. Intaneti ya Mtwara inakuja kwa nchi kavu kutokea kaskazini.

Umbali huo wengine wanautaja kama sababu ya ucheleweshaji. Mwanga ndani ya kioo husafiri kilomita 200,000 kwa sekunde. Mtwara hadi Dar ni kilomita kama 560 kwa barabara, kwenda na kurudi ni chini ya sehemu sita kati ya elfu moja za sekunde. Hakuna binadamu anayeweza kuuhisi muda huo. Mawasiliano ya satelaiti ya zamani, inayokaa juu kilomita 36,000, ndiyo yenye kuchelewa karibu nusu sekunde. Kwa hiyo mtoa huduma akikuambia "ni kwa sababu mko mbali", mwulize swali lingine.

Kuna wanaoogopa kwamba waya wa faiba unavuta radi au una umeme. Kioo hakipitishi umeme. Ila usiuchungulie mwisho wa uzi uliokatika, kwa sababu mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru jicho. Na kwa wale wanaokata nyaya wakitafuta shaba: ndani ya faiba hakuna shaba. Anayeikata anapata plastiki na kioo, na anazima mtaa mzima.

Kuiunga tena si kazi ya koleo na utepe mweusi. Nimemtazama fundi akiifanya kando ya barabara, amekaa juu ya ndoo, mashine yake imewekwa juu ya boksi. Anavua maganda moja baada ya jingine mpaka unabaki uzi ambao unauona tu ukiupindisha upande wa jua. Anaufuta kwa spiriti, anaukata kwa kifaa maalumu ili ncha iwe bapa kabisa, anafanya hivyo kwa uzi wa upande wa pili, anaziweka ncha mbili ndani ya mashine na kufunga kifuniko. Kioo kidogo cha mashine kinaonyesha ncha zinasogeleana, cheche inapita, zinayeyuka na kuwa uzi mmoja. Mashine inamwambia ni mwanga kiasi gani utapotea hapo. Ikiwa mwingi, anakata na kuanza upya. Waya mkubwa wa barabarani una nyuzi 24, 48 au zaidi, na zote zinataka kazi hiyo, moja moja. Vumbi ndilo adui yake. Ndiyo maana faiba iliyokatwa na greda asubuhi inaweza isirudi hadi usiku.

Na umeme ukikatika? Kioo hakihitaji umeme njiani, lakini kisanduku chako cha ukutani kinahitaji. Betri ndogo ya kuhimili rauta ni nunuzi la maana kuliko kifurushi kikubwa.

Njia moja ya kwenda Kusini

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Faiba ya mlangoni ni kipande kifupi. Nyuma yake kuna mamia ya kilomita, na uimara wa intaneti yako ni uimara wa kipande chake dhaifu kuliko vyote.

Mei 2024 ilituonyesha hili mara mbili ndani ya siku chache. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani mwanzoni mwa mwezi, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara eneo la Somanga, Kilwa. Mabasi yakakwama pande zote mbili na malori yakapanga foleni. Kila mtu wa Kusini alikumbuka kwamba tunaishi mwisho wa barabara moja. Kisha Mei 12, EASSy na SEACOM zikakatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba nchi nzima na kwa majirani pia. Waliokuwa na faiba nyumbani walikaa gizani pamoja na wenye bando. Taa za visanduku vyao zilikuwa za kijani, mwanga kutoka mtaani ulifika vizuri, lakini huko mbele hapakuwa na pa kwenda.

Hivyo basi, unapoona kampuni tatu zinakuuzia intaneti, swali la kuuliza ni kama zina njia tatu. Kampuni kukodi nafasi kwenye mkongo uleule ni jambo la kawaida na halali. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 yenyewe inahimiza kushirikiana miundombinu, kwa sababu kuchimba mtaro wa kila kampuni kando ya barabara ileile ni hasara kwa wote. Lakini kampuni tatu juu ya waya mmoja zinashindana kwa huduma na matangazo. Gharama ya kukodi waya inakuwa moja, na siku unapokatika wanaanguka wote.

Kwa Kusini, njia ya pili ina thamani kuliko kampuni ya nne. Kuna upande wa magharibi, kupitia Masasi na Tunduru kuelekea Songea. Kuna upande wa Msumbiji: mkongo umevutwa kutoka Mangaka hadi Mtambaswala, palipo na Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, ili nchi mbili ziungane kwa kioo. Njia hizi zikitumiwa kweli kama njia za akiba, zenye nafasi ya kutosha kubeba mzigo siku ya dharura, Mtwara itaacha kuwa mwisho wa waya na kuwa mahali pa kupitia.

Hili halimhusu mtazama filamu peke yake. Kuanzia msimu wa 2024/2025 minada ya korosho imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Mkulima wa Newala anakaa kwenye mkutano wa chama kikuu cha ushirika akitazama bei za wanunuzi zikiingia kwenye skrini. Mtandao ukikatika katikati ya mnada wa Oktoba, kinachosimama ni fedha ya mwaka mzima ya kaya.

Kabla hujasaini

Mtu wa mauzo akija mlangoni, mwulize kiboksi cha kugawia kiko nguzo ipi na kina nafasi. Kama hakipo mtaani kwako, ahadi ya "wiki ijayo" haina msingi. Mwulize kasi ya kupakia, siyo ya kupakua tu, hasa kama unatuma video au unafundisha kwa mtandao. Mwulize kama kuna kikomo ambacho ukikipita kasi inashushwa. Neno "bila kikomo" kwenye tangazo mara nyingi lina masharti yake kwenye karatasi. Rauta ni yako au utairudisha? Gharama ya kufunga inalipwa na nani ukihama nyumba?

Mwenye biashara aongeze swali moja: mkongo wa barabarani ukikatika, intaneti yangu inapita wapi? Akikosa jibu, baki na laini ya kampuni nyingine kama akiba, na uhakikishe kampuni hiyo haitegemei waya uleule.

Ukishafungiwa, jifunze taa za kisanduku. Ile iliyoandikwa PON ikitulia kijani, mwanga unafika na tatizo liko mbele zaidi au kwenye waifai yako. Ile iliyoandikwa LOS ikipepesa nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika au umepindwa mahali, na hakuna kuzima na kuwasha kutakakosaidia. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, na yasipotatuliwa hupelekwa TCRA. Tunza namba ya lalamiko utakayopewa, andika tarehe na saa, na piga picha taa ikiwa bado nyekundu.